Habari za Wakilindi Darasani: Maoni juu ya Kuwafundisha Watoto Historia

Vitabu vya kale vya Kiswahili vyenye habari za bara si vingi, na katika hivyo vichache mwalimu wa historia hana budi kukijua kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy kiitwacho Habari za Wakilindi. Kilichapwa vipande vitatu katika mtambo wa misheni huko Magila, kati ya mwaka 1895 na mwaka 1907. Kikachapwa tena mwaka 1962 na East African Literature Bureau, kwa usimamizi wa J. W. T. Allen, na mwaka 1963 ikatoka kwa kitabu tafsiri ya Kiingereza iliyokuwa imefanywa zamani na baba yake, padre Roland Allen. Mwandishi ni Mwislamu, mtu wa pwani. Mchapaji ni misheni. Na habari zenyewe ni za wafalme wa milima ya Usambara. Watu wa namna tatu walikutana katika kazi moja, na lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili.

Kiswahili chake kimesifiwa mara nyingi, na kwa haki. Walakini haja yetu hapa si kukisifu tena. Twataka kuuliza neno jingine: je, kitabu hiki kitumiweje mbele ya watoto wa darasa la tatu hata la sita? Swali hili limekuwa na uzito zaidi tangu mtaala wa shule za msingi wa Tanzania wa mwaka 2023 ulipoweka somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu wa Lushoto, wa Korogwe au wa Muheza atakayetafuta habari za kwao, ili asifundishe mambo ya mbali tu, atafikia upesi kitabu cha Abdallah. Asipoangalia atakitumia vibaya. Na ubaya huo hautakuwa wa kitabu, utakuwa wa jinsi kilivyosomwa.

Kwa ajili ya wasiokuwa nacho, tueleze kwa ufupi yaliyomo. Mwanzo wake ni habari za Mbega, mwindaji wa Ngulu. Alizaliwa kigego, yaani alitangulia kuota meno ya juu, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mwenye kisirani. Wazazi wake hawakumwua, bali walipokufa ndugu zake walimnyima urithi. Akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa nchi. Yule kijana akafa katika mawindo, auawa na nguruwe, na Mbega akakimbia kuogopa kisasi. Akaingia milimani, akaua nguruwe walioharibu mashamba ya Washambaa, akawagawia watu nyama, akaamua magomvi yao. Hata mwisho, baada ya kuua simba, watu wa Vuga wakamweka kuwa mkuu wao, akaitwa Simba Mwene. Baada yake huja wanawe na wajukuu, mpaka Kimweri ye Nyumbai, ambaye milki yake ilishuka milimani ikafika Bonde na karibu na bahari. Kisha huja sehemu ya mwisho, nayo ni chungu: kufa kwa Kimweri, vita vya Semboja na Shekulwavu, kuondoka kwa Wabondei juu ya watawala wao, na watu wengi kuuzwa utumwani.

Sasa, kuna kishawishi kikubwa cha kuchukua mwanzo na kuuacha mwisho. Mbega apendeza. Ana mbwa, ana mikuki, ana simba. Mtoto atasikiliza bila ya kuchoka. Tena ana maadili tayari: alidhulumiwa asilipize, alipata nyama asile peke yake. Mwalimu aliye na kipindi cha dakika arobaini na kitabu kimoja kwa watoto sitini, nani atamlaumu akisimulia habari ya Mbega, akaandika ubaoni maneno matano, akauliza, «Nani alikuwa mfalme wa kwanza wa Usambara?» na watoto wakajibu kwa sauti moja? Walakini somo hilo si historia bado. Ni ngano njema iliyovishwa nguo ya historia, na watoto wamejifunza kuitikia, hawakujifunza kujua.

Tuliangalie kwanza jina la kitabu, kwani lugha yenyewe yatusaidia. Mwandishi hakukiita hadithi, alikiita habari. Neno hadithi lilitoka katika Kiarabu, na huko kwa wanavyuoni ni neno lililopokewa pamoja na majina ya waliolipokea, fulani kutoka kwa fulani, hata litambulikane ni la kutegemewa au si la kutegemewa. Lilipokaa kwetu likapoteza mnyororo ule, likawa kisa cho chote cha kupendeza. Neno tarehe nalo kwa Waarabu lilikuwa historia nzima; kwetu limepungua, likabaki kuwa siku na mwezi. Huenda ndiyo sababu watoto wengi hudhani ya kuwa kujua historia ni kujua miaka tu. Bali habari ni neno lililo hai. Mtu akileta habari, kila Mswahili, mkubwa kwa mdogo, humwuliza: umezipata wapi? Ulikuwako, au uliambiwa?

Swali hilo ndilo ufunguo wa kitabu cha Abdallah. Ukikisoma nalo mkononi, utaona ya kuwa ndani ya jalada moja mna mashahidi wawili, ingawa mwandishi ni mmoja. Katika habari za Mbega yeye ni msikiaji. Mbega, kwa kadiri ya wachunguzi, alikuwa katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na nane. Abdallah aliishi katika karne ya kumi na tisa, akafa mapema katika karne ya ishirini. Hapana njia ya yeye kuyasikia maneno ya Mbega na ndugu zake. Hata hivyo atuandikia mazungumzo yao, neno kwa neno, huyu akisema na yule akijibu. Tusimwite mwongo kwa hayo. Ndiyo desturi ya usimulizi mzuri wa barazani: msimulizi huwapa wazee wa kale ndimi za kusemea. Katika habari za Semboja, lakini, mambo ni mengine. Hapo mwandishi aliishi katika siku zile zile, akajuana na wakuu wa Kikilindi; aliyoyaandika ni mambo aliyokuwa karibu nayo. Tena ukaribu huo wenyewe una hatari yake, kwani aliye karibu na wakuu huona mambo kutoka upande wao.

Basi hili ndilo neno letu kubwa: mwalimu asitenganishe kamwe habari na mwenye kuileta. Mtoto apewe Mbega, tena apewe mzima, asikatiwe, lakini asiambiwe, «Ilikuwa hivi.» Aambiwe, «Wakilindi walisimulia hivi, na Abdallah akaandika.» Tofauti yaonekana ndogo, nayo ndiyo historia yote.

Tukifuata njia hiyo, habari ya Mbega haipungui thamani, bali yaongezeka. Steven Feierman, aliyechunguza habari za Washambaa na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alionyesha ya kuwa kisa hiki kimejengwa kwa mambo yaliyopingana: kigego aliyeogopwa awa mlinzi wa nchi, na mtu wa porini awa mfalme wa mjini. Kisa cha namna hiyo hueleza ufalme ni kitu gani: nguvu ile ile iwezayo kuua yaweza kuponya. Tena alitafuta sababu nyingine ya Washambaa kumkubali mgeni. Aliona ya kuwa kabla ya siku hizo Wambugu, wafugaji wenye lugha na desturi zao wenyewe, walikuwa wameingia milimani, na taratibu za zamani za Washambaa hazikutosha tena kushika nchi yenye watu wa namna mbili. Kama ni hivyo, nyama na simba ni mfano, na haja ya mwamuzi ndiyo sababu. Mtoto wa darasa la tano aweza kulifahamu jambo hilo akielezwa kwa mfano wa kijiji chake: wakulima na wafugaji wakigombania njia ya maji, huenda kwa nani?

Watu wengine watasema, watoto hawa ni wadogo mno. Kupima ushahidi ni kazi ya wakubwa, mdogo apewe yaliyo hakika. Twaiheshimu hoja hiyo, lakini hatuikubali. Kwanza, ukitaka kumpa yaliyo hakika tu, habari za Mbega hutampa kabisa. Pili, mtoto wa miaka minane ni kadhi hodari. Chungu kikivunjika nyumbani, yeye ndiye wa kwanza kusema, «Wewe hukuwapo, umejuaje?» Hutofautisha vema aliyeona na aliyesikia, na humjua mwenye sababu ya kuficha. Akili hiyo anayo kabla ya kuja shuleni. Kazi yetu ni kuiingiza darasani, tusimwambie aiache mlangoni.

Tuchukue mfano wa Kimweri ye Nyumbai, kwani kwake tuna zaidi ya shahidi mmoja. Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852, akachapisha habari za safari zake mwaka 1860. Alimwona mfalme kwa macho, na nguvu za milki yake zilimstaajabisha. Abdallah, kwa upande wake, hakuandika papo kwa papo. Aliandika miaka mingi baada ya kufa Kimweri. Je, yupi aaminiwe? Mwalimu asijibu upesi. Awaulize watoto: Krapf alikaa siku ngapi? Alikuwa akitaka nini kwa mfalme? Na Abdallah je, aliambiwa na nani, naye huyo alimpenda Kimweri au alimchukia? Watoto wataona wenyewe ya kuwa aliyekuwako si lazima ajue zaidi, na asiyekuwako si lazima ajue kidogo.

Tumekwisha kunena juu ya mwanzo wa kitabu. Tuje kwenye mwisho wake, maana hapo ndipo penye jambo zito. Yakadiriwa ya kuwa Kimweri alikufa mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu akashika Vuga, lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa Mazinde, chini ya milima. Mwalimu na achore ramani ubaoni, hapa hapana haja ya maneno mengi. Vuga iko juu, mahali pema pa kujilinda na kupokea kodi. Mazinde iko tambarare, kwenye njia ya misafara itokayo Pangani kwenda bara. Siku ambazo utajiri ulikuwa mifugo na kazi za raia, aliyeko juu alikuwa na nguvu. Utajiri ulipokuwa bunduki, baruti na nguo, zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu na kwa watu, aliye njiani akamshinda aliye mlimani. Semboja akamtoa Shekulwavu Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe. Nao Wabondei waliondoka juu ya watawala wa Kikilindi katika vita vilivyoitwa Kiva. Vita vikazaa mateka, mateka wakanunua bunduki, bunduki zikazaa vita vingine.

Je, mtoto ambiwe hayo? Wako waonao kuwa ni heri kunyamaza. Katika darasa moja la Muheza huenda wamekaa bega kwa bega mtoto wa ukoo wa Kikilindi, mtoto wa Kibondei, na mtoto ambaye bibi ya bibi yake aliletwa kwa kamba. Kwa nini kufukua yaliyozikwa? Hofu hiyo si ya upuuzi, na mwalimu asiyekuwa nayo ni mwalimu wa hatari. Walakini kunyamaza nako ni kusema. Ukiwapa watoto Mbega mwema, kisha ukaruka mpaka kuja kwa Wajerumani, Mkilindi mdogo atajifunza ya kuwa wazee wake hawakukosa kamwe. Mbondei mdogo atajifunza ya kuwa wazee wake walitawaliwa vema, na walipoasi hawakuwa na sababu. Na yule wa tatu atajifunza ya kuwa wazee wake hawakuwako. Hayo matatu yote si kweli, na yote yamefundishwa pasipo kusema neno.

Twaona ya kuwa njia ya kati ipo, nayo ina mambo matatu. La kwanza, mwalimu afundishe biashara ile kama kazi iliyokuwa na njia, bei na sababu, asiifundishe kama ubaya wa kabila fulani. Watoto wajue ya kuwa waliouza walikuwa wa makabila mengi, na wanunuzi pia. Ya kuwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalitaka mikono. Ya kuwa soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hata hivyo watu waliendelea kuuzwa kwa siri, wakivushwa kutoka bara kwenda Pemba. La pili, asimwulize mtoto ye yote mbele ya wenzake habari za ukoo wake. Siri za nyumba ni za nyumba. La tatu, asiwatie watoto hofu kwa kueleza mateso. Mtoto wa miaka kumi aweza kufahamu dhuluma bila ya kuonyeshwa damu. Yatosha kumwambia ya kuwa mtu alitoka kwao asubuhi kwenda kuteka maji, asirudi.

Hapa tutamke neno moja juu ya kuunganisha historia na maadili. Maadili ni mema, na hapana mwalimu atakayeyakataa. Lakini historia ikifanywa mtumishi wa maadili, kila mzee wa kale hugeuka kuwa malaika au shetani, na asiyefaa kuwa mmojawapo huachwa. Semboja hakuwa shetani. Alikuwa mtu mwenye akili aliyeiona njia ya misafara kabla ya wenzake kuiona, akaitumia kwa faida yake, na nchi ikaharibika. Mtoto akifahamu jinsi mtu mwenye akili aweza kuharibu nchi, amepata maadili yaliyo makubwa kuliko akiambiwa tu, «Usiwe kama Semboja.»

Tena hapana haja ya kuazima mizani ngeni ya kuwapimia wakuu hao. Washambaa walikuwa na yao, na lugha yao imeihifadhi: kuzifya shi, maana yake kuitengeneza nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Mfalme aliyetengeneza nchi aliishika peke yake, mvua ikanyesha, watu wakala. Wakuu wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, nchi iliharibika, njaa ikaingia. Kwa mizani hiyo Kimweri na Semboja walikwisha hukumiwa na watu wao wenyewe. Mwalimu akiwapa watoto maneno haya mawili, awape kama yalivyo, kwa Kishambaa. Yatawafaa kwa habari nyingine nyingi, hata zisizo za Usambara.

Yabaki mambo ya mtihani, kwani twajua walimu watauliza. Swali la jina moja halifai isipokuwa kidogo. Mahali pa kuuliza, «Nani alimtoa Shekulwavu Vuga?» na iulizwe, «Kwa nini aliyekaa Mazinde alimshinda aliyekaa Vuga?» Mahali pa, «Mbega alitoka wapi?» na iulizwe, «Abdallah aliandika habari za Mbega na habari za Semboja. Zipi alikuwa karibu nazo zaidi, na wewe umejuaje?» Maswali ya namna hii hayataki kitabu kikubwa wala picha za rangi. Yataka mwalimu aliyesoma kitabu kizima, toka Mbega hata mwisho, kabla ya kuingia darasani.

Na hilo la mwisho ndilo lenye taabu, kwani nakala za mwaka 1962 zimekuwa haba. Wenye maktaba za misheni na za vyuo vya walimu huenda wanazo katika makabati, na zingefaa zaidi zikisomwa kuliko zikilindwa. Mwalimu asiyeweza kupata hata moja na aanze kwa wazee wa mtaani kwake, awapeleke watoto wa darasa la sita wakaulize habari za kilima, kisima au soko la kale. Ila kila mtoto aandike mambo mawili juu ya karatasi yake kabla ya kuandika jingine lo lote: jina la mzee aliyemwambia, na kama mzee huyo aliona mwenyewe au aliambiwa. Abdallah angetuandikia mambo hayo mawili juu ya kila sura, leo tusingekuwa na kazi ya kukisia.